Dioscorea elephantipes imekauka shina katikati ya joto: imekufa au imelala?

Mkaa Dirishani aliuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Naomba msaada wa yeyote aliyewahi kuulea ndani ya nyumba mmea uitwao Dioscorea elephantipes, ambao wengine huuita mguu wa tembo na wengine gamba la kobe. Kwa asiyeufahamu, ni mmea wa jamii ya viazi vikuu, ila kiazi chake hukaa juu ya udongo, kimeviringana mithili ya kobe aliyejikunyata, na gome lake gumu limepasuka vipande vipande vyenye pembe nyingi. Kileleni mwa kiazi huchomoza shina jembamba linalotambaa na kubeba majani madogo yenye umbo la moyo.

Wangu niliupata miezi minane iliyopita, kiazi kikiwa na upana wa sentimita 14 na shina likiwa bichi, limejizungusha kwenye kijiti hadi ncha. Kwa miezi mitano ulistawi hata nikaanza kujiona fundi. Joto lilipozidi, majani yakaanza kugeuka manjano kuanzia yale ya chini, nami nikadhani ni kiu; kwa hiyo badala ya kumwagilia mara moja kwa wiki nikawa namwagilia kila baada ya siku mbili. Majani yakazidi kupukutika, na wiki mbili zilizopita shina lote likakauka likabaki na rangi ya nyasi iliyopigwa na jua. Sasa kimebaki kiazi peke yake juu ya udongo, na kila mgeni anayeingia huniuliza kwa nini nimelitia jiwe kwenye chungu.

Nikikibonyeza kwa juu, kiazi bado ni kigumu. Udongo ni ule ule uliokuja nao, mweusi na wenye kushika maji, na chungu ni cha plastiki chenye tundu moja dogo chini. Je, mmea huu umekufa? Na kama haujafa, niendelee kuunywesha ili uchipue upya, au niuache kama ulivyo?

Changarawe Tupu alijibu:

Acha kumwagilia leo hii, kabla hujaendelea kusoma majibu mengine.

Ulichokiona ni mmea kuingia katika kipindi chake cha kulala. Asili ya Dioscorea elephantipes ni maeneo makavu ya Afrika Kusini, na sehemu kubwa ya maeneo hayo, hasa ya upande wa magharibi, hupata mvua wakati wa baridi. Kwa hiyo mmea huchipua hali ya hewa inapopoa, hujaza kiazi akiba ya maji na wanga, na joto kali linapoingia huachilia shina na majani vikauke, kiazi kikabaki kusubiri. Majani kugeuka manjano kulikuwa ni kuaga, nawe ukakusikia kama kuomba maji. Kosa hilo tumelifanya wengi; mimi mwenyewe nilipoteza viwili kabla sijaelewa.

Kinachonitia wasiwasi ni hizo wiki kadhaa za kumwagilia kila siku mbili wakati hakuna jani hata moja la kuyatumia maji hayo. Kiazi kuwa kigumu kwa juu hakutoshi kukutuliza, kwa sababu kuoza huanzia chini, mahali mizizi inapoungana na kiazi.

Bibi Vyungu alijibu:

Mwanangu, Changarawe Tupu amekuambia ukweli, nami naongezea yale ya kufanya kwa mikono.

Utoe mmea wote kwenye chungu leo au kesho. Usiuvute kwa kukishika kiazi. Laza chungu ubavu, ukibonyeze pande zote mpaka udongo uachie, kisha uusukume kutoka chini. Pukuta udongo wote kwa vidole, usioshe kwa maji, halafu kigeuze kiazi uangalie tumbo lake. Upande wa chini hauna magamba mazito kama mgongoni. Ni bapa, na ngozi yake ni laini zaidi. Pitisha kidole gumba taratibu kuanzia katikati kuelekea ukingoni, ukikandamiza kidogo kama unavyolijaribu parachichi. Pakiwa pagumu pote, shukuru. Pakibonyea mahali, au ukinusa harufu ya uchachu, hapo pana kazi, nami nitakueleza namna ya kuifanya. Mizizi myembamba iliyokauka isikutishe, kwani mingi yake hufa wakati wa kulala na mingine huota upya shina linapoanza kupanda.

Ukimaliza, kiweke kiazi kwenye mizani ya jikoni na uandike uzito wake. Njia hii huonekana ya kichekesho lakini ndiyo ninayoiamini kuliko macho, maana magamba hayasinyai na macho hudanganywa nayo. Kiazi kizima kilicholala hupoteza uzito kidogo kidogo mno, ilhali kinachooza au kinachokauka kabisa hushuka haraka. Kipime tena baada ya siku kumi.

Kuhusu udongo, huo mweusi utupe kwenye bustani ya nje ukafae vingine. Mimi hutumia theluthi mbili za kokoto ndogo, zile za ukubwa wa punje ya mahindi au pungufu, na theluthi moja ya mboji iliyochekechwa. Chungu kiwe cha udongo wa kufinyanga, chenye tundu ambalo kidole chako kinaweza kupita, na upana wake uzidi wa kiazi kwa vidole viwili tu kila upande. Chungu kikubwa mno hubaki na unyevu ambao mizizi haiufikii, na unyevu usio na mwenyewe ndio unaozaa ukungu.

Jambo jingine ambalo watu hulisahau: huko porini viazi hivi hukaa chini ya vichaka na kati ya mawe, mgongo kivulini, na ni shina pekee linalopanda kulifuata jua. Kwa hiyo usikiweke kiazi kwenye jua la mchana la dirishani ukidhani kwa kuwa kina gome nene hakidhuriki. Shina litakapotoka, lipate mwanga mwingi, lakini kiazi ukifunike kwa kipande cha kigae au kivuli cha mmea mwingine.

Na tafadhali, lile shina kavu usiling'oe kwa nguvu. Likate ukiacha urefu wa kidole kimoja. Kitakachobaki kitaachia chenyewe.

Shina Nene alijibu:

Kabla ya kuhitimisha kwamba umelala kwa sababu ya joto, ningependa kujua kama kweli ni elephantipes. Nauliza kwa sababu upo mmea wa Meksiko, Dioscorea mexicana, wenye kiazi cha magamba kinachofanana na hiki kiasi kwamba kikiwa hakina majani hata wauzaji hukosea. Tofauti yake ni muhimu kwa anayefuga ndani: ule wa Meksiko hukua wakati wa joto na kulala wakati wa baridi, yaani kinyume kabisa. Mtu akiufuata mmoja kwa kalenda ya mwenzake, atauua kwa uhakika.

Itazame picha yoyote uliyoupiga ukiwa na majani. Jani la elephantipes ni dogo, mara nyingi upana wake unalingana na urefu au kuuzidi, na ncha yake ni fupi. Jani la mexicana ni kubwa zaidi, lina umbo la moyo uliokamilika, na ncha yake imechongoka ikarefuka kama mkia wa kudondoshea maji ya mvua. Mgongoni pia, magamba ya mexicana huwa bapa zaidi, ilhali ya elephantipes huinuka kama piramidi ndogo na ukiyatazama kwa karibu unaona mistari ya matabaka, moja juu ya jingine.

Kwa faida ya wasomaji, huo mmea wa Meksiko una historia nzito kuliko sura yake. Katika miaka ya 1940 mkemia Mmarekani Russell Marker alipata kwenye kiazi chake kemikali iitwayo diosijenini, akaitumia kutengeneza homoni ya projesteroni kwa wingi ambao haukuwahi kuwezekana, na mwaka 1944 akawa miongoni mwa walioanzisha kampuni ya dawa ya Syntex huko Meksiko. Jamaa wa Afrika Kusini, Dioscorea sylvatica, naye alichimbwa sana porini katika miaka ya 1950 kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo kiazi hiki ni binamu wa viazi vikuu vya chunguni, lakini kisionjwe. Kina kemikali ziitwazo saponini, ni kichungu, na kinaweza kukudhuru.

Nashauri pia tuache kutegemea jina la mguu wa tembo tunapoulizana maswali, kwa kuwa kuna mti mwingine wa ndani wenye shina lililovimba chini na majani marefu kama nywele, Beaucarnea, ambao nao huitwa hivyo, na utunzaji wake hauhusiani na huu hata kidogo. Jina elephantipes lenyewe lina maana ya mguu wa tembo, tangu mtaalamu wa mimea wa Ufaransa L'Héritier alipouandika mwaka 1789. Baadaye wengine wakauweka katika jenasi (kundi la mimea yenye undugu wa karibu) ya Testudinaria, kutokana na neno la Kilatini la kobe. Inaonekana kila aliyeuona alimkumbuka mnyama.

Mkaa Dirishani aliandika:

Shikamoo Bibi Vyungu, na ahsanteni wote. Nimefanya kama mlivyoelekeza na ninayo majibu, mazuri na mabaya.

Kwa Shina Nene: nimeitafuta picha ya mwezi wa tatu tangu niupate. Majani ni madogo, mapana kuliko marefu, ncha fupi, na yamekaa kama figo zaidi kuliko moyo. Magamba yameinuka na yana mistari kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Nadhani tunaweza kukubaliana kwamba ni elephantipes.

Kwa Bibi: nilipokigeuza kiazi nilikuta katikati ya tumbo pana doa la kahawia lenye ukubwa wa sarafu, na kidole kikazama kidogo nilipolibonyeza. Harufu ipo, ila si kali. Ni kama ya viazi vilivyosahaulika kabatini. Sehemu nyingine zote ni ngumu. Mizizi karibu yote imekatika ilipoguswa. Uzito ni gramu 1,340. Nimekiweka juu ya gazeti, tumbo likitazama juu, nasubiri maelekezo yako kwa sababu kisu nimeogopa kukishika.

Bibi Vyungu alijibu:

Marahaba, mwanangu. Umewahi, usiogope.

Chukua kisu chembamba chenye makali, ukifute kwa spiriti, na uvae glovu kwa sababu utomvu wa jamii hii huwawasha baadhi ya watu. Kata kulizunguka doa, nje yake kidogo, ukiteremka kama mtu anayetoa jicho la kiazi, na baada ya kila mkato ufute kisu tena kwa spiriti ili usiupeleke uozo kwenye nyama safi. Endelea mpaka nyama iliyobaki iwe nyeupe au ya rangi ya maziwa pande zote, pasiwe na hata uzi mmoja wa kahawia. Hapa ndipo watu hukosea kwa huruma: huacha kimstari kidogo wakidhani kitapona chenyewe, na baada ya mwezi kiazi kizima kimekuwa uji. Afadhali shimo kubwa lililo safi kuliko dogo lenye doa.

Ukimaliza, paka kidonda unga wa salfa, kisha ukiache kiazi kichwa chini mahali pakavu, penye hewa na kivuli, kwa muda wa wiki mbili au tatu. Utaona kidonda kinafanya ngozi ngumu kama kizibo cha chupa. Kisipandwe kabla ya hapo. Hakina mizizi wala majani, hivyo hakikosi kitu kwa kukaa juu ya gazeti. Akiba yake ya maji ipo tumboni.

Kitakapokuwa tayari, ukipande kiazi kikiwa kimekaa juu kabisa ya mchanganyiko wa kokoto, tumbo likigusa tu, na chini ya kidonda uweke tabaka la kokoto tupu. Usikifukie. Wanaofukia viazi ni wale wenye miche midogo iliyotoka kwenye mbegu, ambayo hukua haraka zaidi kiazi kikiwa chini ya udongo kwa miaka miwili mitatu ya mwanzo. Kiazi cha sentimita 14 kimekwisha kupita umri huo.

Shina Nene alijibu:

Naafiki kila neno la Bibi isipokuwa naongeza tahadhari moja. Usijaribu kupanda kile kipande ulichokikata, wala vipande vya shina ukitarajia kupata mmea wa pili. Tofauti na viazi vikuu vya shambani, ambavyo hukatwa vipande na kila kipande kikaota, huyu hazidishwi hivyo. Huzaliwa kwa mbegu, na mimea ya kiume na ya kike ni tofauti, kwa hiyo mtu mwenye mmoja dirishani hapati mbegu hata ukichanua.

Kuhusu maji wakati wa kulala, mimi hunyunyizia kidogo ukingoni mwa chungu mara moja kwa mwezi, ili mizizi isife yote.

Changarawe Tupu alijibu:

Hapo tutatofautiana, ndugu yangu. Hicho kijiko cha kila mwezi ndicho kilichoua cha kwanza kati ya vile vyangu viwili. Kiazi kilichokatwa tumbo hakistahili kuonjeshwa hata tone mpaka kichipue.

Shina Nene alijibu:

Kwa kiazi hiki chenye kidonda nakubali, na nilipaswa kusema hivyo tangu mwanzo. Nilikuwa nikivifikiria vidogo, vyenye upana wa sentimita nne au tano, ambavyo akiba yake ni ndogo na katika chumba chenye joto na hewa kavu vinaweza kukauka kabla msimu wao haujafika. Kikubwa hukaa miezi mitatu au minne bila maji na hakioni taabu.

Mkaa Dirishani aliandika:

Nimekata. Shimo limekuwa na upana wa sentimita tatu na kina cha sentimita mbili hivi, na nyama ya ndani ni nyeupe kabisa, ina utelezi kama kiazi kikuu kilichomenywa. Baada ya siku kumi uzito ni gramu 1,296, ingawa sehemu ya upungufu huo ni nyama niliyoitoa. Siku kumi zilizofuata ulipungua gramu nne tu.

Swali langu la mwisho ni moja: nitajuaje kwamba wakati wa kuanza kumwagilia umefika? Nisubiri mwezi gani?

Changarawe Tupu alijibu:

Usisubiri mwezi, subiri chipukizi. Mimi husema hivi kwa kila anayeuliza, kwa kuwa kalenda za vitabu nyingi zimeandikwa kwa nchi zenye majira manne, na mtu aliye karibu na ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana, akizifuata atapotea. Ipo sababu nyingine pia: hata huko kwao mimea hii haifanani kwa ratiba. Imetawanyika kutoka pande za Springbok na Clanwilliam, magharibi mwa Afrika Kusini, ambako mvua ni ya baridi, hadi pande za Graaff-Reinet, mashariki zaidi, ambako mvua nyingi hunyesha wakati wa joto, na mbegu za kila upande hubeba tabia za walikotoka. Ninacho kimoja ambacho huamka usiku unapoanza kupoa, na kingine, ndugu wa chungu cha jirani, ambacho huamka wiki sita baadaye. Mara chache kingine huruka usingizi mwaka mzima, kikaendelea na shina lile lile.

Kwa hiyo angalia kileleni kila baada ya siku chache. Chipukizi hutokea kama ncha ya penseli, la kijani lililochanganyika na zambarau, na huchomoza hata kama udongo ni mkavu kabisa. Likifika urefu wa kidole, mwagilia kidogo ukingoni. Majani ya kwanza yakifunguka, mwagilia vizuri mpaka maji yatoke chini, na usirudie mpaka nusu ya juu ya udongo iwe imekauka. Mbolea ya maji, nusu ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa mwezi wakati wa majani tu. Wakati huo pia kagua upande wa chini wa majani, kwa sababu ndani ya nyumba utitiri huupenda mmea huu kuliko sisi.

Mkaa Dirishani aliandika, wiki kumi na moja baadaye:

Ndugu zangu, narudi na habari. Nilikipanda kiazi baada ya wiki tatu, kidonda kikiwa kimekauka na kuwa kigumu kama kizibo, nikakiweka juu ya kabati mbali na jua, na sikukipa hata tone. Wageni waliendelea kuniuliza kuhusu lile jiwe.

Jumapili iliyopita, nikipangusa vumbi, niliona kati ya magamba mawili ya kileleni kitu kama ncha ya mwiba, cha zambarau. Nilidhani ni uchafu nikataka kukiondoa kwa kucha, bahati nzuri nikakumbuka. Jumanne kilikuwa na urefu wa sentimita tatu. Ijumaa kilifika sentimita kumi na tisa, hakina jani hata moja, kimesimama wima na ncha yake imejikunja kama ndoano, na asubuhi hadi jioni ndoano hiyo huwa imegeukia upande mwingine, inatafuta pa kushika. Nilikiinua chungu kidogo kuangalia kwenye tundu: mizizi miwili myeupe imeshapita kati ya kokoto. Jana nimemwagilia glasi ndogo ukingoni, kama alivyoelekeza Changarawe Tupu.

Nimekichomeka kijiti cha mwaka jana, chenye urefu wa sentimita 40. Bibi Vyungu, kitatosha?

Bibi Vyungu alijibu:

Hakitatosha hata wiki mbili, mwanangu. Wangu mwaka jana ulipita mita mbili ukaingia kwenye pazia. Tafuta waya mnene, uukunje uwe duara juu ya chungu, na ulizungushe shina taratibu sasa hivi likiwa laini, maana likishakomaa hukatika ukilikunja, na likikatika huenda kiazi kisitoe jingine msimu huu.